Waranti hufa kabla mgodi haujazaliwa

Wasomaji wengi wanaoniandikia kutoka Kisumu, Siaya na Migori siku hizi hawaulizi tena kuhusu ploti za Mamboleo wala gawio la SACCO. Wanauliza kuhusu waranti. Oktoba 2025 bei ya dhahabu ilivuka dola 4,000 kwa wakia moja kwa mara ya kwanza, na tangu hapo kila mwenye binamu Toronto au London ametumiwa ujumbe wa aina moja: kuna kampuni inatafuta dhahabu, inauza hisa kwa bei ya chini, na ukinunua unaongezewa waranti bure. Msimamo wangu nautoa mapema ili asiye na muda asome hapa aende zake. Mtu wa mshahara au wa biashara ya kawaida asitoe senti yake kununua waranti ya kampuni inayotafuta dhahabu katika ukanda huu wa ziwa, ila tu kama muda wa waranti hiyo unazidi muda ambao mgodi wenyewe unahitaji mpaka utoe dhahabu. Waranti ya namna hiyo ni adimu sana sokoni. Simaanishi kwamba dhahabu haipo. Ipo, na babu zetu waliiona ikichimbwa katika migodi ya Macalder na Rosterman. Kinachoniogopesha ni kalenda.

Waranti ni haki ya kununua hisa mpya kutoka kwa kampuni yenyewe, kwa bei iliyofungwa leo, mpaka tarehe fulani. Mwenye ploti akikubali umlipe Sh50,000 ili akushikilie bei ya Sh2 milioni kwa miaka miwili, huna ploti. Una haki tu. Barabara ikipita hapo na bei ikapanda hadi Sh3 milioni, umefaulu. Isipopita, tarehe ikifika Sh50,000 zako zimekwenda na ploti inabaki kwa mwenyewe. Tofauti ni kwamba ploti ipo tayari, ilhali hisa utakayouziwa kwa waranti haijakuwepo bado. Kampuni itaitoa siku utakayolipa, na ikishaitoa, keki ileile itagawanywa vipande vingi zaidi. Nitarudi hapo.

Kwa nini kampuni za madini zinapenda chombo hiki kuliko benki au kampuni za saruji? Kwa sababu kampuni ya kutafuta dhahabu haina kitu cha kuuza. Ina leseni, ramani za jiolojia, mashine ya kuchoronga miamba ya kukodi, na mishahara ya kila mwezi. Benki haiwezi kukopesha kwa dhamana ya mwamba ambao haujathibitishwa, kwa hiyo pesa zinapatikana kwa kuuza hisa mpya, tena na tena. Mnunuzi mkubwa wa London au Vancouver anaijua njaa hiyo. Anadai punguzo la bei, na juu ya punguzo anadai waranti. Kampuni inakubali kwa sababu waranti haigharimu pesa leo, na mambo yakienda vizuri italeta awamu ya pili ya mtaji bila kuzunguka tena na bakuli. Ukiona kampuni inatoa waranti nyingi, moja kwa kila hisa na kwa bei iliyo karibu na bei ya sokoni, jua kwamba katika mazungumzo hayo kampuni ilikuwa upande dhaifu.

Tufanye hesabu, maana hapa ndipo wengi hupigwa chenga. Chukua kampuni ya kubuni yenye hisa milioni 400. Inauza hisa mpya milioni 100 kwa Sh10, na kwa kila hisa mbili mnunuzi anapewa waranti moja ya kununua hisa kwa Sh15. Sasa kuna hisa milioni 500 na waranti milioni 50. Mashine ikipata mwamba mzuri, soko likaithamini kampuni kwa Sh9 bilioni, mtu atagawanya kwa milioni 500 na kusema kila hisa ni Sh18, na faida ya waranti ni Sh3. Sivyo. Wenye waranti wote wakilipa, zitaingia Sh750 milioni na hisa zitakuwa milioni 550. Sh9.75 bilioni ukigawanya kwa hisa hizo unapata takriban Sh17.73. Faida ya waranti imeshuka hadi Sh2.73, na mwenye hisa wa zamani, ambaye hakusaini popote, amekatwa senti 27 kwa kila hisa yake. Fanya hivyo mara tatu au nne, kama kampuni hizi zinavyofanya kila baada ya miezi michache, kisha uulize kwa nini dhahabu inapanda na hisa haipandi.

Kuna mchezo mwingine ambao matangazo ya kampuni hayautaji. Kanada, hisa zilizouzwa kwa wawekezaji binafsi hufungwa kwa miezi minne na siku moja. Kufuli likifunguka, mnunuzi mkubwa anaweza kuuza hisa zote alizonunua kwa punguzo, akarudisha mtaji wake, na kubaki na waranti mkononi bila hata shilingi yake kuwa ndani. Kwake yeye waranti ni bure kweli. Aliyemlipia ni wewe uliyenunua hisa zile sokoni asubuhi ile kufuli lilipofunguka. Tena bei ya hisa ikikaribia ile Sh15, wenye waranti huuza hisa walizonazo ili wapate pesa za kulipia mpya, na bei inagonga dari palepale. Mtazamaji wa nje anadhani kuna njama. Hakuna njama, ni masharti yanafanya kazi yake.

Thamani ya waranti ina sehemu mbili. Ya kwanza ni faida ambayo ungeipata ukiitumia leo. Ya pili ni thamani ya muda, yaani bei ya matumaini: kadiri tarehe ilivyo mbali na kadiri hisa inavyoyumba, ndivyo matumaini yanavyouzwa ghali. Waranti nyingi zinazouzwa zina sehemu ya pili peke yake, kwa sababu hisa bado iko chini ya bei iliyofungwa. Na sehemu hiyo hupungua kila siku, polepole mwanzoni, kisha kwa kasi miezi ya mwisho. Anayenunua waranti hasemi tu kwamba dhahabu ipo. Anasema itapatikana, itathibitishwa, itapewa leseni na soko litaipenda kabla ya tarehe fulani. Hapo ndipo Nyanza na Magharibi zinapomshinda.

Tazama mradi wa dhahabu wa Magharibi mwa Kenya, ambao leseni zake ziligusa Kakamega, Vihiga, Siaya na Kisumu. Mwaka 2012 African Barrick Gold iliununua kutoka kwa Aviva ya Australia. African Barrick ikabadili jina ikawa Acacia. Acacia ikamezwa na Barrick mwaka 2019. Barrick ikauuza kwa Shanta Gold mwaka 2020. Shanta, iliyokuwa kwenye soko la AIM la London, ikanunuliwa yote na ETC Holdings ya Mauritius mwaka 2024 kwa peni 14.85 taslimu kwa kila hisa. Zaidi ya miaka kumi, wamiliki wamebadilika kama makondakta wa matatu, na mgodi mkubwa unaopangwa Isulu na Bushiangala, Ikolomani, haujatoa dhahabu. Waranti ya kawaida ya kampuni hizi ina miaka miwili, mitatu ikizidi. Ungezika ngapi katika kipindi hicho?

Migori somo ni lilelile. Red Rock Resources ya London iliingia huko mwaka 2009 kupitia Mid Migori Mining, kwenye mwamba uleule unaopita Macalder, mgodi wa shaba na dhahabu uliofungwa 1966. Mwaka 2015 wizara ikatangaza kuzifuta leseni. Kesi ikaenda Mahakama Kuu, na mwaka 2018 pande mbili zikaelewana, leseni zikarudishwa. Waranti yoyote ya miaka miwili ya kampuni yenye leseni kizuizini, iliyotolewa mwanzo wa mgogoro kama huo, ingekufa kabla ya jaji kufunga faili. Na hao ndio waliorudishiwa. Mwaka 2013 serikali ilifuta leseni zaidi ya 40 kwa mpigo, ikiwemo ya Cortec katika Mlima Mrima, Kwale, na mwaka 2018 jopo la usuluhishi wa kimataifa likalitupa dai la Cortec. Mwishoni mwa 2019 utoaji wa leseni mpya ukasitishwa nchi nzima, na zuio hilo likaanza kulegezwa Oktoba 2023. Zuio moja tu, na karibu miaka minne imeliwa.

Sisemi serikali ilikosea kila mara. Leseni nyingine zilistahili kufutwa, na wananchi wa Ikolomani wana haki ya kuuliza maswali mpaka wachoke. Ninachosema ni kwamba muda huo wote, iwe ni wa mahakama, wa NEMA, wa fidia ya ardhi au wa uchaguzi, haumo katika bei ya waranti iliyopangwa na mtu aliye Vancouver ambaye hajui kwamba mkutano wa hadhara wa hapa unaweza kuahirishwa mara tatu na bado ukavunjika.

Kosa la kwanza ni la wanaoniambia waranti ni sawa na haki za kununua hisa zinazotolewa Soko la Hisa la Nairobi. Zina undugu, lakini si pacha. Kenya Airways ilipowapa wenye hisa wake haki ya kununua hisa mpya mwaka 2012 kwa Sh14, uamuzi ulikuwa wa wiki chache: lipa, uza haki, au iache ife. Haki zile zilikwenda kwa waliokuwa wenye hisa tayari, ili umiliki wao usipungue. Waranti za madini huenda kwa mgeni anayeingia, na anayepungukiwa ni mwenyeji. Mfano wa Kenya Airways una funzo la pili. Hisa zake zilisimamishwa kuuzwa Julai 2020 na kurudi Januari 2025. Hisa zikisimamishwa, mwenye hisa husubiri. Waranti haisubiri, tarehe yake inaendelea kukimbia soko likiwa limefungwa.

Kosa la pili ni kudhani kwamba kwa sababu waranti inauzwa kwa senti chache, hatari yake ni ndogo. Hisa huporomoka ikakuachia kitu. Waranti huisha kabisa. Sh20,000 za waranti zinazokufa zote ni hasara kubwa kuliko Sh100,000 za hisa zilizoshuka kwa asilimia kumi na tano.

Kosa la tatu ndilo linaloniudhi zaidi: dhahabu ikipanda, waranti itapanda. Nenda Osiri, Nyatike, jioni, kwenye meza ya mnunuzi yenye mzani mdogo wa betri. Mchimbaji anafika na donge lililochomwa, linawekwa, namba inatulia, anatajiwa bei ya gramu ya siku hiyo. Ananung'unika, anapewa noti, anaondoka. Bei ya dunia imemfikia, hata kama imekatwakatwa njiani. Mwenye waranti hana gramu yoyote. Kati yake na bei ya dhahabu kuna jiolojia, leseni, mtaji wa kujenga mgodi, wenye hisa wapya watakaoingia kabla yake, na soko la hisa la mbali. Kila mlango kati ya hiyo unaweza kufungwa peke yake bei ya dhahabu ikiwa juu kama mlima.

Kuna vifungu vya mkataba wa waranti ambavyo mtu akitaka kunipuuza, basi angalau avisome. Cha kwanza ni cha kuharakisha. Huandikwa hivi, kwa maneno yangu: hisa ikifunga siku kumi mfululizo juu ya bei fulani, kampuni inaweza kutoa taarifa, na waranti ambazo hazitatumika ndani ya siku thelathini zitakufa. Ulidhani una miaka mitatu. Siku jambo linapoanza kunoga unabaki na mwezi mmoja wa kutafuta pesa za kulipia hisa. Mwenye mfuko London anazo. Wewe utakimbilia SACCO. Cha pili ni cha kuunganisha hisa. Kampuni hizi hupenda kugeuza hisa 50 kuwa moja ili bei ionekane nzuri. Mkataba wa heshima hurekebisha waranti kwa uwiano uleule. Usipolitaja jambo hilo, kataa. Hata ukilitaja, marekebisho hayo hayakulindi dhidi ya hisa mpya zitakazouzwa mwezi ujao kwa bei ya kutupa.

Cha tatu ni kununuliwa kwa kampuni. Rudi kwa Shanta. Tuseme ulikuwa na waranti ya kununua hisa yake kwa peni 20, yenye miaka miwili mbele. Mnunuzi anatoa peni 14.85 taslimu kwa kila hisa, wenye hisa wengi wanakubali, kampuni inatoka sokoni. Mwenye hisa amelipwa. Thamani ya muda uliyoinunua imefutika, na dhahabu iko palepale chini ya Isulu. Mikataba mingine huweka fidia kwa hali hii, mingi haiweki. Na cha nne ni soko: waranti nyingi za AIM na nyingine nyingi za Kanada hazijaorodheshwa popote. Huwezi kuziuza. Unachoweza ni kulipa au kungoja zife.

Tena uliza ni nani anayekuuzia. Kuuza hisa au dhamana kwa umma hapa Kenya kunahitaji idhini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Mtu anayekusanya pesa za waranti kwenye kundi la WhatsApp, au kwenye ukumbi wa hoteli Milimani akiwa na mkoba na cheti cha rangi, hana ruhusa hiyo hata kama kampuni anayoitaja ipo kweli. Nchi hii imeshauziwa dhahabu bandia vya kutosha. Hatuhitaji kuuziwa na karatasi za dhahabu bandia.

Anayetaka kushiriki katika dhahabu ya ukanda huu afanye nini? Anunue hisa, si waranti, na za kampuni ambayo ina pesa za angalau mwaka mmoja na nusu benki. Ahesabu hisa zote zikiwa pamoja na waranti na haki za wakurugenzi ambazo hazijatumika, kwa sababu hiyo ndiyo hesabu ya kweli ya umiliki wake. Alinganishe tarehe ya mwisho ya waranti hizo na tarehe ya leseni: leseni ya utafutaji chini ya Sheria ya Madini ya 2016 hutolewa kwa muda usiozidi miaka mitatu kabla ya kuombwa upya. Waranti nyingi zikiisha ndani ya mwaka ambao leseni nayo inaisha, kampuni itakuwa imebanwa pande zote mbili kwa wakati mmoja, na itauza hisa kwa bei yoyote.

Ila kuna mahali waranti ingefaa, na ni mahali ambapo hakuna anayeizungumzia. Ni mikononi mwa mwenye shamba. Jamii za wenyeji wa Kanada zimewahi kupewa hisa na waranti katika mikataba yao na kampuni za utafutaji, bila kulipa. Hapa kwetu sheria inaitengea jamii asilimia 10 ya mrabaha, lakini waulize watu wa Kwale walivyosubiri miaka mpaka pesa hiyo iwafikie. Na angalia jinsi muuzaji anayeujua mwamba anavyodai kulipwa: Barrick ilipoiuzia Shanta mradi wa Magharibi mwa Kenya ilichukua dola milioni 7 taslimu, hisa, na mrabaha wa asilimia 2. Mrabaha hauna tarehe ya kufa kama waranti. Yule aliyekuwa na takwimu zote za kuchoronga mezani alichagua malipo yasiyokimbizana na kalenda.

Familia zitakazohamishwa na mgodi wowote wa Kakamega, Siaya au Migori ziombe vivyo hivyo. Kwanza fidia ya ardhi, kamili na taslimu, maana waranti haijengi nyumba. Juu yake, kama kampuni inajisifu kwamba mradi ni mzuri, itoe waranti za bure kwa mfuko wa jamii, za miaka kumi au zaidi, zisizokufa kampuni ikinunuliwa, na zinazoweza kubadilishwa kuwa hisa bila kulipa pesa mfukoni. Sasa kwa kuwa mmiliki wa Isulu hayupo tena sokoni, waranti hizo zifungwe na kifungu cha 49 cha Sheria ya Madini, kinachotaka mgodi mkubwa unaozidi kiwango cha mtaji kilichowekwa uorodheshe angalau asilimia 20 ya hisa zake kwenye soko la hapa nchini ndani ya miaka mitatu tangu uzalishaji uanze. Muda wa waranti uanze kuhesabiwa siku ya kuorodheshwa, si siku ya kusaini.

Magavana na wabunge wa ukanda huu, ambao hupenda kupigwa picha na vipande vya mwamba, waliweke sharti hilo mezani kabla ya makubaliano ya maendeleo ya jamii kusainiwa, kwa sababu baada ya sahihi hakuna wa kuwasikiliza. Na wewe uliyeniandikia kuhusu ofa inayofungwa Ijumaa: iache ifungwe.